Mpangaji Wangu na Mkia wa Mnyama

Nilimtilia shaka tangu siku aliyohamia, na sikujisumbua kuificha shaka hiyo. Mtu wa kawaida akija kupanga chumba huuliza maji yanachotwa wapi na choo kiko upande gani. Yeye aliuliza kama sakafu inabeba uzito. Nikamwambia ni zege, nyumba aliijenga marehemu mume wangu, na hakuna kitanda kitakachoishinda. "Naam," akasema. Akaigonga sakafu kwa kisigino, akatoka nje, akafunga mlango kwa kufuli mbili: moja yangu, nyingine aliyokuja nayo mfukoni.

Nilikuwa muuguzi katika zahanati za Tarime tangu usichana wangu mpaka nilipostaafu, na kazi ile haimwachi mtu akiwa mwepesi wa kuamini. Mgonjwa anakwambia tumbo limeanza leo asubuhi, kumbe linamuuma tangu wiki iliyopita na amekwisha kunywa dawa za mganga, za duka na za jirani. Hakudanganyi kwa ubaya. Anakupa kipande anachoona kinakutosha. Kwa hiyo huyu mpangaji wa chumba cha nyuma, mwalimu wa jiografia katika sekondari yetu hapa Nyarero, nilimsikiliza kama nilivyowasikiliza wagonjwa wangu, sikio moja kwenye maneno na jicho kwenye mikono.

Kwao ni wapi, hakuna aliyejua vizuri. Mimi aliniambia Lindi. Mkuu wa shule alimwambia Nachingwea. Mtendaji wa kijiji alimwambia Mtwara. Nikaulizia, nikaambiwa Nachingwea iko ndani ya mkoa wa Lindi, na Mtwara ndiko alikosomea ualimu. Hakuwa amemdanganya yeyote, ila kila mtu alipewa chake. Hilo lilinikera kuliko uongo wenyewe. Hata habari za mke zilikuwa hivyo. Mimi nilijua mke yuko Lindi, mke wa mkuu wa shule alijua waliachana zamani. Siku moja nikambana.

"Mwalimu, kweli ni ipi?"

"Zote mbili, Mama Bhoke. Wewe uliuliza yuko wapi, yule aliuliza tunaishije."

Alikuwa mrefu, mabega mapana, na aliogopa ng'ombe. Katika nchi ya Wakurya hicho ni kichekesho, na kwa wengine si kichekesho, ni dalili mbaya. Kundi likipita njiani alizunguka kwa shambani, suruali yake iliyopigwa pasi ikashika umande mpaka magotini. Watu wakaulizana, mwanaume gani anamkimbia ndama? Alisema kwao ng'ombe hawakuwapo, alikua akiona mikorosho tu. Tukasema sawa, ila hatukuamini kwamba kuna watu wanaoishi bila ng'ombe wakawa wazima.

Halafu nyama. Krismasi ya kwanza nilimpelekea bakuli la nyama ya mbuzi. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa maneno mazuri ya kusini, laini kama hariri. Baadaye nikaona watoto wa jirani wanarudisha bakuli langu, wamelilamba. Alikuwa Mwislamu, na hakula nyama bila kujua nani amechinja. Angeniambia tu, ningeelewa. Nimehudumia watu wa kila dini. Lakini yeye alikuwa mtu wa kutokusema mpaka aulizwe, na akiulizwa anajibu kilichoulizwa, basi.

Alikuwa na kauli moja iliyompotezea marafiki wengi. Ukimsimulia jambo lolote, alisubiri umalize, kisha akauliza kwa upole, "Hilo umeliona au umeliongeza?" Jirani yetu mmoja alikuja analia kwamba chui amemla mbuzi wake. Mwalimu akamuuliza kama amemwona chui. Mama wa watu akasema ameona damu kwenye zizi na kamba iliyokatika. "Basi umeona damu na kamba," akasema Mwalimu. Yule mama hakumsalimia tena mpaka msimu wa mahindi ulipokwisha.

Darasani alikuwa hivyohivyo. Bhoke, kitinda mimba wangu, alisoma kwake kidato cha kwanza mpaka cha nne. Anasema mwanafunzi aliyeandika sentensi mbili za kweli alipata alama nyingi kuliko aliyejaza ukurasa. Wanafunzi walimwogopa kwanza, halafu wakampenda, nami sikuelewa ni kwa nini. Nilichokiona mimi ni kwamba mtu huyu alichukia watu wakiongeza, na wakati huohuo maisha yake aliyaacha na mapengo makubwa ya kupita lori. Mtu akiacha mapengo kiasi hicho, asishangae majirani wakiyajaza.

Tulianza kuyajaza mwaka ule kelele zilipoanza. Zilikuwa za Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Mimi nilizijua kwa sababu ya goti langu, lililonirudisha nyumbani kabla ya mahubiri kwisha. Chumbani kwake kulikuwa na mlio wa kutwanga, kisha wa kukwangua, kisha kimya. Nikibisha hodi anatoka na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Nikagundua pia kwamba ananunua simenti kidogokidogo, leo duka hili, kesho duka lile, kama mtu anayenunua sumu. Wavu wa kuku alinunua na hakuwa na kuku.

Kwetu huku mtu akitwanga kitu kizito kwa siri, akili inakwenda kwenye dhahabu. Nilifikiri amepata mawe kutoka machimboni na anayasafisha ndani kwa zebaki. Zebaki naijua. Nimeona inavyowatetemesha watu mikono.

"Mwalimu, unatwanga nini humo?"

"Chokaa."

"Ya nini?"

"Ya kufundishia."

"Nifungulie nione."

"Bado haijakamilika, Mama Bhoke."

Chokaa gani inakamilika? Nikaenda zangu, nikaanza kunusa hewa ya dirishani kwake kila nilipopita kuanika nguo.

Aliyevunja ukimya ni fundi seremala aliyekuja kurekebisha dirisha. Alichungulia chini ya kitanda akaona mifupa ya mgongo imepangwa kwa mstari, mikubwa kuliko ya ng'ombe. Hakumaliza kazi. Kufikia jioni sokoni walisema ni mifupa ya tembo, mwalimu ni jangili. Kesho yake ikawa mifupa ya watu iliyounganishwa. Siku iliyofuata nikasikia kwamba wazee wameitisha ritongo, baraza lao la ukoo, na kwamba vijana fulani hawaoni haja ya kungoja baraza.

Hapo niliogopa. Nimewafunga vidonda watu waliohukumiwa kwa uvumi, na wengine niliwafunika shuka tu. Nikaenda nikabisha mlango wake.

"Fungua. Si kwa sababu nakuamini. Fungua kwa sababu kesho utaulizwa mbele ya watu, na hapa hakuna mtu mwingine aliyesomea mifupa."

Akafungua. Nikainama kwa shida, akavuta mkeka uliokuwa chini ya kitanda, na juu yake palikuwa na pingili za uti wa mgongo, ya kwanza kubwa kama stuli ya jikoni, zikienda zinapungua mpaka ya mwisho iliyotosha kiganjani. Nikagusa moja. Ilikuwa simenti iliyochanganywa na chokaa. Lakini umbo lilikuwa la mfupa kabisa, lina mwiba wa juu, lina tundu la kupitisha mishipa. Upande mmoja umebonyea kama bakuli, upande wa pili umetokeza kama mpira, ili pingili moja ikae ndani ya mwenzake.

"Ni mkia," akasema.

"Wa nini?"

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza, na kwa mara ya kwanza hakungoja maswali. Kule kwao Lindi, enzi ya Mjerumani, mifupa ya wanyama wakubwa wa kale ilichimbwa kwenye kilima kimoja, ikabebwa vichwani na watu wa kule mpaka pwani, ikasafirishwa Ujerumani. Wanyama wenyewe ni wale dainosaria wenye shingo ndefu na mkia mrefu, wanaokula majani. Mmoja wao mwili wake haukupatikana. Ulipatikana mkia. Kwa miaka mingi wataalamu waliuhesabu mkia huo kuwa wa mnyama mwingine, kisha walipouangalia upya wakaona haulingani na yule, wakaupa jina lake.

"Wanamwita Wamweracaudia," akasema. "Mkia wa Wamwera. Mimi ni Mmwera."

"Na kichwa chake?"

"Hakijulikani."

"Miguu?"

"Nayo haijulikani, Mama Bhoke. Kilichopo ni mkia."

"Sasa mnamjuaje?"

"Hatumjui. Tunajua tu kwamba alikuwapo na hakuwa yule mwingine."

Nilimuuliza kwa nini amejificha kama mwizi. Akasema pingili ya kwanza alimwonyesha mkuu wa shule ofisini, mkuu akaiweka mezani mbele ya walimu wenzake, akauliza kama ni jiko la mkaa. Walicheka mpaka kengele ikalia. Akaamua wataona ikiisha. Maelezo yalitosha, ila sikumwamini yote. Mtu anaweza kuwa mkweli kuhusu mkia na mwongo kuhusu mengine.

Ritongo ilikaa asubuhi karibu na josho la ng'ombe. Wazee kwenye viti vyao vidogo, vijana wamesimama nyuma na fimbo, na niliowahesabu kuwa hatari walikuwa wamesimama mbele kuliko wengine. Mwalimu alikuja anasukuma toroli, pingili zimefunikwa kwa shuka. Alisalimia "shikamoo, wazee," wakaitikia wachache. Akazipanga kwenye nyasi moja baada ya nyingine, mikono inatetemeka. Mzee aliyeongoza baraza alizunguka mkia wote, akarudi akakaa.

"Mura, kijana, hiki ni kitu gani?"

Mwalimu akaeleza kama alivyonieleza, kwa kifupi zaidi. Mzee akasikiliza, akatema mate pembeni.

"Mnyama huyo wewe umemwona?"

"Sijamwona, mzee."

"Baba yako alimwona?"

"Hakuna mtu aliyemwona. Alikufa kabla hapajawa na watu."

"Kwa hiyo umetengeneza mkia wa kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona, chini ya kitanda, siku ya Mungu, na unataka tulale usingizi."

Watu wakaguna. Kijana mmoja akasema huyo achomwe na mifupa yake. Mzee akainua fimbo, kukawa kimya, akaniita mimi.

"Nesi. Wewe umefunga watu mifupa maisha yako yote. Hii ni ya mtu?"

Nilisimama. Najua walitaka nimtetee au nimwangushe, mimi mwenye nyumba wake. Nikasema, "Si ya mtu. Si ya ng'ombe wala ya tembo. Ni simenti. Nimeigusa kwa mkono wangu. Kwa nini ameifanya, hilo muulizeni mwenyewe, mimi simo moyoni mwake."

Mwalimu alinitazama. Sijui alitegemea nini zaidi.

"Simenti inaweza kuficha kitu ndani," akasema yule kijana. "Dhahabu, au kidole cha mtu."

Mzee akakubali kwamba hilo nalo ni neno. Nyundo ikaletwa. Mzee akamwonyesha Mwalimu achague pingili, halafu akabadili nia, akaichagua yeye mwenyewe, ile kubwa kabisa ya mbele. Mwalimu akaipokea nyundo. Ile pingili, aliniambia baadaye, ilimchukua miezi. Alipiga mara ya kwanza ikatoa cheche. Akapiga tena na tena, jasho linamtoka, mpaka ikapasuka katikati, na ndani kukaonekana wavu wa kuku, magazeti yaliyolowa yakakauka, na simenti. Basi. Mzee akachambua magazeti kwa ncha ya fimbo. Mmoja wa wazee akaanza kucheka, kisha mwingine. Wale vijana wa mbele wakarudi nyuma taratibu, kama watu waliokumbuka wana shughuli.

Hukumu ilikuwa mbuzi, kwa kosa la kutisha watu. Mwalimu akaomba jambo moja, amchinje yeye mwenyewe. Wazee wakashauriana, wakaona haina ubaya. Akachinja, akasoma maneno yake, na mchana ule kwa mara ya kwanza tangu afike Nyarero alikula nyama na sisi. Alikula sana. Nilikaa karibu naye, nikamuuliza ile kufuli ya pili ilikuwa ya kumzuia nani, maana mkia haukuwapo siku aliyohamia.

"Wewe," akasema, anafuta mafuta kidevuni. "Nilipopangiwa Tarime mama yangu alilia. Aliambiwa huku watu wanakatana mapanga kwa sababu ya ng'ombe. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala na sufuria nyuma ya mlango, ili ukisukuma ianguke."

Kumbe wakati mimi nikinusa dirisha lake, yeye alikuwa ananisikiliza hatua zangu. Nilikasirika kidogo, halafu nikamwongezea supu.

Mkia ukahamia shuleni, ukapangwa kando ya ukuta wa maabara, na pingili ya mbele akaitengeneza upya. Watu walikuja kuutazama. Mkuu wa shule, yule wa jiko la mkaa, akaanza kuupenda kuliko wote, mpaka mahafali yalipokaribia akataka uongezwe mwili na kichwa, upakwe rangi ya kijani, wageni wapige picha. Mwalimu akakataa. Bhoke alikuwapo. Anasema hakupaza sauti, alisema tu kwamba kichwa hakijaonekana, na kwamba hawezi kuwawekea watoto kichwa cha kubuni. Muhula uliofuata akahamishiwa Machochwe, wilaya ya Serengeti. Watu wanasema ni mkono wa mkuu. Inawezekana, na inawezekana pia ni zamu yake tu.

Aliondoka na mkia wake kwenye gari la mizigo. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani askari wakafunua turubai, wakaona mifupa, wakamweka pembeni juani kutwa nzima, wakidhani ni nyara. Walimuuliza mnyama ameuawa lini na wapi. Kwa jinsi nilivyomjua, naamini alijibu maswali hayo kama yalivyoulizwa, ndiyo maana alikaa kutwa.

Miaka ikapita, nikasikia amestaafu. Nikadhani amerudi kwao. Mwaka huu Bhoke, ambaye sasa anafanya kazi ya kupokea wageni kwenye kambi moja karibu na Robanda, akaniita nikamtembelee. Siku ya pili akaniambia, "Mama, Mwalimu yuko hapa kijijini. Ana nyumba." Shaka yangu yote ikaamka. Mstaafu wa kusini anatafuta nini mpakani mwa hifadhi, mahali ambapo tembo wanakula mahindi ya watu kabla hayajakomaa? Nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva arudi kunichukua baada ya saa moja.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ndogo ya bati, amepiga magoti kwenye kivuli cha ukuta, mkia umelazwa mbele yake. Alikuwa amekonda mabega. Mikono ilikuwa inatetemeka kuliko siku ya ritongo, na mara hii haikuwa hofu. Nimeona ugonjwa ule wa kutetemeka kwa wazee wengi, sikuhitaji kuuliza jina.

"Mama Bhoke. Karibu. Siwezi kusimama sasa hivi."

Akanionyesha simu kwa kichwa. Mgeni mmoja wa kambi, aliyeombwa na Bhoke, alifika kwenye jumba la makumbusho kule Ujerumani akaomba aonyeshwe mifupa yenyewe, akaipiga picha kila upande. Miaka yote Mwalimu alikuwa amefanya kazi kwa mchoro mmoja wenye ukungu. Sasa alikuwa ameona. Na alichoona ni kwamba pingili za mbele alizitengeneza kinyume. Bakuli lilitakiwa liwe upande wa mbele, mpira upande wa nyuma. Yeye alikuwa amegeuza.

"Si uzizungushe tu?" nikasema.

"Mwiba wa juu unalalia nyuma. Nikizungusha pingili, mwiba utalalia mbele."

Nikatazama, nikaona ni kweli. "Kwa hiyo unaanza upya."

"Zile za mbele tu. Nimemaliza mbili. Hii ya tatu mwiba hausimami, mkono hautulii."

Nikachuchumaa, goti likalalamika. Nikauliza lile lililonileta.

"Mbona hukurudi kwenu?"

"Nilirudi. Mama amekufa. Wadogo zangu waliniona nimekuja kudai shamba la mikorosho, kila nikipita wananyamaza. Nilikaa msimu mmoja." Akakoroga simenti kwa mwiko. "Hapa wananitilia shaka pia, ila hapa nimezoea."

Sikumuuliza tena. Kulikuwa na mengi, ya mkewe, ya mkuu wa shule, ya ugonjwa wake na kama anapata dawa mjini Mugumu. Yeye alikuwa amechota simenti mbichi kwa mwiko, anaijaza kwenye wavu, na wavu unayumba.

"Shika hapo juu," akasema. "Usikaze sana. Mpaka ishike."

Nikanawa mikono kwenye ndoo, nikashika mwiba kwa vidole viwili kama nilivyokuwa nikishika mkono uliovunjika wakati plasta inakauka. Ulikuwa wa baridi na laini. Akaendelea kujaza, polepole, pumzi yake inasikika. Bodaboda ikafika mbele ya nyumba, dereva akapiga honi. Mwalimu akaniangalia, akasema naweza kwenda, itasimama yenyewe.

Niliihisi kwenye vidole kwamba bado haijashika. Honi ikalia tena. Sikuachia.